Dubu wa Watoto Aliyegeuzwa Muuaji: Mjadala

Winnie-the-Pooh: Blood and Honey ni filamu ya kutisha iliyotengenezwa Uingereza na kuingia kumbi za sinema mwaka 2023. Mwandishi na mwongozaji wake ni Rhys Frake-Waterfield, na bajeti yake ilitajwa kuwa chini ya dola 100,000 za Marekani, fedha ambazo katika tasnia ya filamu za Magharibi hazitoshi hata kulipia matangazo. Inawachukua dubu Pooh na rafiki yake Piglet, wahusika wa vitabu vya watoto vya A. A. Milne, na kuwageuza wauaji wanaoishi porini. Ilirekodiwa kwa muda wa siku kumi hivi katika msitu wa Ashdown, Sussex, msitu uleule ambao Milne aliutumia kama mandhari ya hadithi zake. Picha zake za kwanza zilipoenea mitandaoni Mei 2022, ubishi uliwaka kabla filamu yenyewe haijaonekana. Tangu hapo wanaobishana wamekuwa watu wa aina nyingi, na kila mmoja anabishania jambo lake.

Chanzo cha yote ni mwanasesere. Christopher Robin Milne, aliyezaliwa mwaka 1920, alikuwa na dubu wa kitambaa aliyenunuliwa katika duka la Harrods la London. Jina la Winnie lilitoka kwa dubu wa kweli, jike, ambaye luteni Harry Colebourn wa jeshi la Kanada alimnunua angali mdogo mwaka 1914 kwa dola 20 na baadaye akamwacha katika bustani ya wanyama ya London. Baba wa mtoto, Alan Alexander Milne, alikuwa amepigana vita vya Somme na kurudi akiichukia vita kwa moyo wote. Mwaka 1926 alichapisha Winnie-the-Pooh, na mwaka 1928 kikafuata The House at Pooh Corner, vyote vikiwa na michoro ya E. H. Shepard. Humo hamna adui wala kifo. Yumo dubu mzito wa kufikiri anayependa asali, nguruwe mdogo mwoga, punda mwenye huzuni, na mtoto mmoja ambaye kwao ndiye mwenye majibu yote. Mwaka 1930 Stephen Slesinger alinunua haki za biashara za Marekani na Kanada. Mwaka 1961 kampuni ya Disney ikaingia, na filamu yake fupi ya kwanza ya Pooh ikatoka mwaka 1966. Mwaka 2001 Disney iliwalipa warithi wa haki za Milne takriban dola milioni 350 ili kumaliza hesabu nao.

Mwanasheria hutangulia kusema, kwa kuwa bila hesabu zake filamu isingekuwapo. Kwa sheria ya Marekani, kazi iliyochapishwa mwaka 1926 hulindwa kwa miaka 95. Kitabu cha kwanza kikawa mali ya umma tarehe 1 Januari 2022, na mwongozaji hakuhitaji tena kuomba ruhusa ya mtu yeyote huko. Kingekuwa huru miaka 20 kabla ya hapo, lau Bunge la Marekani lisingerefusha muda wa hakimiliki mwaka 1998, Disney ikiwa miongoni mwa waliosukuma marekebisho hayo. Hata hivyo uhuru huo una mipaka, na watengenezaji waliifuata kwa makini. Tigger, yule chui milia mrukaji, alizaliwa katika kitabu cha 1928, hivyo hayumo katika filamu ya kwanza. Muda wake ulikwisha tarehe 1 Januari 2024. Fulana nyekundu ya Pooh haikutoka kwa Milne wala Shepard. Slesinger ndiye aliyemvika mwaka 1932, na Disney wakaifanya maarufu. Kwa sababu hiyo dubu wa filamu amevikwa mavazi ya mkata magogo. Mwanasheria huongeza onyo ambalo wengi hulisahau: uhuru wa Marekani hauvuki bahari. Kila nchi hupiga hesabu yake, na alama za biashara za Disney hazifi kwa sababu hakimiliki imekufa.

Mpinzani wa filamu hajibu hoja hizo. Kwake yeye, kuruhusiwa na sheria na kustahili kufanywa ni mambo mawili mbalimbali. Anasema mhusika wa watoto ana deni kwa watoto. Kizazi baada ya kizazi kimelala kikimkumbatia dubu huyu. Wazazi wamewasomea wanawe kitabu walichosomewa na wazazi wao. Mtu anayemchukua mhusika wa namna hiyo na kumtia kisu mkononi haongezi kitu katika hadithi. Anakopa mapenzi ambayo hakuyajenga, kisha anayageuza kuwa tiketi. Ushahidi wa mpinzani ni wa moja kwa moja: lau muuaji wa filamu hii angekuwa dubu asiye na jina, picha zile za Mei 2022 zisingesambaa dunia nzima. Kilichouzwa ni mshtuko wa jina.

Mpinzani ana hoja ya pili, nzito kuliko ya kwanza, nayo inamhusu Christopher Robin wa kweli. Mtoto huyo hakuulizwa kama anataka kuwa mhusika. Shuleni wenzake walimsumbua kwa sifa asizozitafuta, na utu uzimani aliishi kwa kuuza vitabu katika mji wa Dartmouth, akiukimbia umaarufu wa jina lake, mpaka alipofariki mwaka 1996. Katika filamu, mtu mwenye jina lake anafungwa minyororo na kuchapwa. Mpinzani anauliza ni adhabu ngapi zinatosha kwa kosa la kuwa mtoto wa mwandishi.

Hapo mtetezi huinuka. Hadithi za watoto, anasema, zilikuwa na meno tangu zamani, na waliozing'oa ndio haohao wanaoitwa leo walinzi wa utoto. Charles Perrault alipochapisha kisa cha msichana mwenye kofia nyekundu mwaka 1697, mbwamwitu alimla na kisa kikaishia hapo. Ndugu Grimm walikusanya ngano zenye akina mama wanaowatupa watoto wao msituni, kisha katika matoleo ya baadaye wakawabadilisha kuwa mama wa kambo ili wasomaji wasiumie. Carlo Collodi, alipoanza kumwandika Pinocchio katika gazeti la watoto mwaka 1881, alimfikisha mtini na kumnyonga, na alikusudia kisa kifie hapo. Disney alimchukua Pinocchio huyo bila kuwalipa warithi wa mtu, akamgeuza atakavyo, na mwaka 1940 dunia ikampigia makofi. Kwa nini geuzo la kampuni kubwa liitwe sanaa na geuzo la vijana wenye kamera moja liitwe unajisi?

Tena mtetezi hahitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano. Katika ngano za pwani ya Afrika Mashariki zimwi ni mgeni wa kila usiku. Msichana amesahau kombe lake ufukweni, amerudi peke yake kulichukua, zimwi limemkamata na kumtia ndani ya ngoma, na sasa kila kijiji linapopita linapiga ngoma naye anaimba humo ndani kwa sauti ya kulia. Watoto wameisikiliza ngano hiyo mikekani wakisogeleana, na kesho yake wameiomba tena. Mtoto anaiweza hofu, ilimradi ahadithiwe na mtu anayempenda.

Mpinzani anakubali mfano na kuugeuza. Katika ngano ile, anasema, wazazi huitambua sauti ya mtoto wao, humtoa ngomani na kuijaza ngoma nyuki na wadudu waumao. Zimwi hupata malipo yake na mtoto hurudi nyumbani. Hofu ina mlango wa kuingilia na wa kutokea. Isitoshe, zimwi lilikuwa zimwi tangu mwanzo. Hakuna aliyelala nalo kitandani.

Hoja hiyo ni nzuri, lakini inaliruka swali ambalo mhakiki wa filamu analiona kuwa ndilo lenyewe: je, mlikuwa na kitu ndani ya wazo hili? Mhakiki anajibu kwamba kilikuwamo, na kilikuwa kikubwa. Filamu inafunguka kwa michoro ya mkono, kama kurasa za kitabu cha zamani. Sauti ya msimulizi inaeleza jinsi mtoto Christopher alivyowakuta viumbe wale msituni, akawa anawaletea chakula na kucheza nao. Kisha akakua, akaenda kusomea udaktari. Majira ya baridi yakaingia, chakula kikaisha, na siku moja, kwa njaa, wenzake wakamla Eeyore, yule punda. Kutokana na kitendo hicho wakaapa kuwachukia wanadamu na kutosema tena. Dakika hizo chache zina uzito kuliko zote zilizobaki. Zinauliza jambo ambalo Milne mwenyewe aliligusa katika sura ya mwisho ya kitabu cha 1928, pale wanyama wote wanapohisi kwamba Christopher Robin anaondoka, hakuna anayejua ni kwa nini, na hakuna anayethubutu kulisema wazi. Kitabu hakisemi kinachowapata wanasesere mlango ukishafungwa. Nafasi hiyo ilikuwa inamngoja msanii kwa miaka karibu 95, na filamu hii iliipata.

Kisha iliiacha. Baada ya michoro, Christopher mtu mzima anarudi msituni na mchumba wake, mchumba anauawa, naye anatekwa; halafu kamera inamsahau kwa muda mrefu na kwenda kwa kundi la wasichana waliokodi nyumba porini, ambao hawamjui Pooh wala Pooh hawajui wao. Wanakufa mmoja mmoja. Mmoja anatekwa akiwa ndani ya beseni la maji moto, anafungwa, na gari linapitishwa juu ya kichwa chake. Mhakiki halalamikii damu, kwa kuwa filamu za aina hii huishi kwa damu. Analalamika kwamba vifo hivyo vingeweza kuhamishiwa filamu nyingine yoyote bila mtu kugundua. Aliyemkosea Pooh ni mtu mmoja tu, na mtu huyo amefungwa chumbani wakati wanawake wasio na hatia wanalipa. Kuna tukio moja ambapo Pooh anamchapa Christopher kwa mkia uliokatwa wa Eeyore. Mkia huo, ambao katika kitabu cha 1926 ulipotea na Pooh akautafuta kwa upendo mpaka akaupata, sasa ni mjeledi. Hilo ni wazo la kutisha kwelikweli, limekaa ndani ya hadithi na linauma. Lingestahili kuwa kitovu cha filamu nzima, lakini linapita haraka na kuachwa.

Mtetezi hujitetea kwa umaskini wa bajeti: kwa fedha zile na siku zile, nani angefanya zaidi? Mhakiki hakubali, na historia ya filamu za kutisha iko upande wake. Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968, ilitengenezwa Pennsylvania kwa dola 114,000 hivi na ikazaa aina nzima ya filamu. Halloween ya John Carpenter, ya mwaka 1978, iligharimu dola laki tatu na ushei, na kinyago cha muuaji wake kilinunuliwa dukani kwa chini ya dola 2: kilikuwa kinyago cha nahodha wa Star Trek, kikapakwa rangi nyeupe na kupanuliwa matundu ya macho. Kinyago hicho hakina hisia yoyote, na mwongozaji aliujenga ubaridi huo kuwa ndio hofu yenyewe. Anamsimamisha muuaji mbali, nusu gizani, nyuma ya nguo zilizoanikwa. Kinyago cha Pooh nacho hakisogei mdomo. Lakini kamera inakikaribia tena na tena kana kwamba kinaweza kuigiza, asali ikichuruzika kidevuni, na mtazamaji anaona mpira. Umaskini ulikuwa uleule. Tofauti ilikuwa kufikiri. Wahakiki wengi waliona hivyo: katika tovuti ya Rotten Tomatoes filamu ilipata asilimia 3 hivi tu ya tahakiki za kuisifu, na Machi 2024 ilichukua tuzo zote tano za Razzie ilizoteuliwa kuwania, zikiwemo za filamu mbaya kuliko zote na mwongozaji mbaya kuliko wote.

Mtetezi anakubali kipigo hicho na kubaki na hoja moja isiyopingika. Filamu iliyoanza kuonyeshwa Mexico Januari 2023 kabla ya kufika Marekani mwezi uliofuata iliingiza zaidi ya dola milioni 5. Kampuni ndogo isiyo na nyota wala studio ilifika kwenye kumbi za mabara kadhaa. Kwa mtengenezaji huru yeyote, hilo ni somo la namna mali ya umma inavyoweza kumpa mtu asiye na kitu nafasi ya kusikika. Hoja ni ya haki. Lakini walioifuata njia hiyo haraka ndio wanaoidhoofisha. Mara tu filamu ya kwanza ya Mickey Mouse, Steamboat Willie ya mwaka 1928, ilipokuwa huru tarehe 1 Januari 2024, filamu za kutisha zenye panya huyo zikatangazwa. Watu walewale wa Blood and Honey wakaendelea na Peter Pan na Bambi. Mlango ambao ungewapitisha waandishi wa kila aina unapitwa zaidi na wenye visu.

Mzazi, ambaye hana habari na Romero wala Perrault, analeta jambo lake. Oktoba 2023, katika shule moja ya Florida, wanafunzi wa darasa la nne walionyeshwa sehemu ya filamu hii darasani. Wazazi waliripoti kwamba watoto walitaka izimwe na wengine walitoka wameshtuka. Hapa mpinzani anaona ushahidi wake umekamilika: jina la dubu lilikuwa mtego, na watoto walinaswa. Mtetezi anajibu kwamba filamu ni ya watu wazima, bango lake linaonyesha hivyo wazi, na aliyekosea ni mtu mzima aliyeianzisha na kuiacha iendelee. Mtetezi ana haki katika hili, ila hana haki ya kuliona dogo. Jina la Pooh kwa mtoto wa miaka tisa ni ahadi. Siku hizi majina ya filamu hupangwa pamoja kwenye skrini ya televisheni kwa kutafutwa jina tu, na anayetafuta mara nyingi ni mtoto mwenyewe akiwa na rimoti. Anayetumia ahadi hiyo anawajibika kuweka alama ambayo hata mtu mwenye haraka hawezi kuikosa, na mtu mzima anawajibika kukaa na mtoto kwa dakika tano za kwanza.

Kisa cha Hong Kong kinaupeleka mjadala mahali ambapo hata mpinzani hakupanga kufika. Filamu ilikuwa ianze kuonyeshwa huko na Macau tarehe 23 Machi 2023. Siku mbili kabla, maonyesho yakafutwa kwa pamoja. Ofisi ya serikali inayosimamia filamu ilisema kwamba kibali kilikuwa kimetolewa na kwamba kumbi huamua zenyewe zionyeshe nini. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, Wachina mitandaoni walikuwa wakiweka picha za Pooh pembeni ya picha za rais wao Xi Jinping, kwa mzaha wa kuwafananisha, na picha hizo zikawa zikifutwa na wachujaji. Mwaka 2021 Hong Kong nayo ilibadilisha sheria yake ya filamu ili kuzuia kazi zinazoonekana kuhatarisha usalama wa taifa. Ndani ya filamu hamna siasa hata chembe. Anayetaka dubu alindwe kwa kupigwa marufuku inampasa akumbuke kwamba kalamu inayofuta hofu ndiyo inayofuta kicheko, na kwamba dubu aliyefutwa China ni huyuhuyu mpole wa vitabuni.

Ukizipima sauti zote, mwanasheria ameshinda bila taabu: kazi ya mwandishi inapaswa siku moja kuwa ya watu wote, na wale watakaoitumia vibaya ni gharama inayobebeka. Mpinzani ameshindwa kuthibitisha kwamba kitabu kimedhurika, kwani kinaendelea kusomwa, na wanasesere wenyewe wamo katika maktaba kuu ya umma ya New York, ambako watoto huenda kuwatazama. Mhakiki ndiye mwenye neno zito kuliko wote. Kosa la filamu hii ni uvivu, na uvivu kwenye hadithi iliyopendwa hivi unauma zaidi. Filamu ya pili, iliyotoka Machi 2024 ikiwa na fedha nyingi zaidi, vinyago vizuri zaidi na Tigger ndani yake, ilipokewa vizuri kuliko ya kwanza. Lakini humo Pooh na wenzake wanabainika kuwa watoto wa binadamu walioibwa na kufanyiwa majaribio, na Pooh mwenyewe ni ndugu yake Christopher. Rafiki aliyeachwa na njaa yake, wazo pekee lililokuwa na thamani, limeondolewa kabisa.

Nchini Uingereza, maandishi ya Milne, aliyefariki mwaka 1956, yanalindwa hadi tarehe 31 Desemba 2026, na michoro ya Shepard, aliyefariki mwaka 1976, hadi mwisho wa 2046. Kenya na Tanzania huhesabu miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mwandishi. Kwa hesabu hiyo maandishi yamekuwa huru katika nchi hizi tangu mwaka 2007, na michoro inafuata mwisho wa 2026. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kumpokea Pooh kutoka kwa Milne, na si kutoka kwa Disney, anaweza kuanza kazi leo.